Kukusanya magari ya kale ya Japani bila kugusa karo ya watoto

KARIBU kila mtaa wa Nairobi, Nakuru au Mombasa una gari la Kijapani lililopandishwa juu ya mawe. Magurudumu yalishaondolewa, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, na mwenyewe akiulizwa hujibu kwamba fundi yuko njiani. Fundi huyo amekuwa njiani miaka kumi.

Mapenzi ya magari ya zamani hayachagui mfuko. Mwalimu wa shule ya msingi, nesi, karani wa kaunti na muuza duka, wote wanaweza kuwa na ndoto ya kumiliki Datsun kama ile aliyokuwa nayo babu, kisha Corolla, kisha pikapu ya kuweka pembeni. Ndoto hiyo haina ubaya. Ubaya huingia inapolipiwa kwa fedha za karo, kodi ya nyumba au dawa, na mara nyingi mwenzi anakuja kujua gari likiwa tayari limeshushwa langoni.

Mwenye kipato cha kawaida anaweza kujijengea mkusanyo wa magari ya kale. Ila ni lazima akubali mambo mawili: utachukua miaka mingi, na magari yatakayohesabiwa ni yale yanayotembea tu.

Mapenzi yalikotoka

Kenya ina sababu zake za kuyapenda magari haya. Datsun, jina ambalo kampuni ya Nissan ilikuwa ikilitumia wakati huo, ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1970, 1971 na 1973. Joginder Singh akaja na Mitsubishi Lancer, akashinda 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mbio hizo mara tano, zote akiendesha magari ya kampuni hiyo ya Datsun, na ushindi wake wa mara nne ulifuatana, kuanzia 1979 hadi 1982. Kijana aliyesimama kando ya barabara ya vumbi akiyaona magari hayo yakipita, leo ni mzee mwenye wajukuu, na bado anayakumbuka.

Sababu ya pili ni urahisi wa matengenezo. Corolla ambayo Wakenya waliizoea kwa jina la DX ina injini ya 4K yenye cc 1290. Inatumia kabureta na haina kompyuta. Datsun 120Y ni vivyo hivyo. Fundi mwenye spana, bisibisi na sikio zuri anaweza kujua kinachoisumbua bila kuichomeka kwenye mashine yoyote.

Si kila gari la kale la Japani linalofaa mfuko mdogo. Toyota 2000GT zilitengenezwa 351 tu, kwa hivyo hiyo ni ya kutazamwa pichani. Nissan Skyline GT-R za zamani hununuliwa na matajiri wa dunia nzima. Hata Corolla ya AE86, iliyoanza kuuzwa 1983 kama gari la vijana, bei yake ilipaa baada ya kuwa gari la shujaa katika hadithi za katuni za Kijapani za Initial D. Mwenye bajeti finyu huepuka gari lenye sifa kubwa na kutafuta lile ambalo kila jirani aliwahi kuwa nalo. Lililokuwa la watu wote huwa na vipuri vingi, na mafundi wanaolijua bado wapo.

Jambo jingine la kukumbuka ni sheria. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lililozidi umri wa miaka 8. Mkusanyaji wa kawaida basi hutafuta yale yaliyokwishaingia zamani: kwa wastaafu, mashambani, nyuma ya gereji, na kwenye maboma ambako mzee alifariki na gari likabaki chini ya mwembe.

Hesabu kabla ya moyo

Tuseme familia, baada ya kulipa karo, kodi, chakula, bima ya afya na kuweka akiba, inabakiwa na Sh10,000 kwa mwezi ambazo mume na mke wamekubaliana ziende kwenye magari. Kwa mwaka ni Sh120,000. Kwa miaka miwili ni Sh240,000.

Kosa la wengi ni kutafuta gari la Sh240,000. Likifika nyumbani, mfuko ni mtupu, na gari la miaka arobaini halijawahi kufika nyumbani bila kudai chochote. Litataka betri, matairi, mipira ya breki, rejeta, na pengine klachi. Hapo ndipo linapopanda juu ya mawe.

Anayetumia akili hutenga nusu ya fedha kwa kununua na kuacha nusu kwa matengenezo ya mwanzo, uhamisho wa umiliki na bima. Hata akikutana na gari zuri linalozidi nusu hiyo kidogo, ni afadhali asubiri miezi mitatu kuliko kulinunua na kulitelekeza.

Mkopo wa chama cha akiba na mikopo haufai kwa kazi hii. Gari la kale haliingizi senti, lakini mkopo unakatwa kila mwezi kwenye mshahara, na wadhamini ni wenzako kazini. Mtoto akiugua katikati ya mkopo huo, familia haina pa kushika.

Gari la pili lisinunuliwe kabla la kwanza halijatembea mwaka mzima bila kuvutwa kwa kamba. Wapo wakusanyaji walioanza na kigari kibovu, wakakitengeneza vizuri, wakakiuza, na fedha zikanunua kinachofuata. Njia hiyo ni ya polepole, ila haigusi sufuria ya nyumbani.

Kutu kwanza, injini baadaye

Wanunuzi wengi hufungua boneti na kusikiliza injini. Injini ya 4K au ya Datsun inaweza kufunguliwa na kutengenezwa upya. Bodi iliyoliwa na kutu ndiyo inayofilisi watu, kwa sababu kila kipande kinachokatwa huonyesha kingine kilichooza.

Mnunuzi ainue kapeti na kutazama sakafu. Achungulie chini ya betri, ndani ya kishimo cha gurudumu la akiba, kwenye mikunjo ya juu ya magurudumu na chini ya milango. Abebe sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Mahali ambapo sumaku haishiki, huenda chuma kilishaisha na kilichobaki ni unga mgumu ambao mafundi huubandika na kuupaka rangi. Magari yaliyoishi Pwani yakaguliwe mara mbili, maana upepo wa chumvi haulali.

Vipuri hutafutwa kwa miguu. Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, ni mahali pa kuanzia kwa Nairobi. Kifaa kilichokosekana kabisa kinaweza kuchongwa na mafundi wa jua kali kama wale wa Kariobangi Light Industries, mradi mteja awapelekee kile cha zamani kama kipimo. Ndiyo maana mkusanyaji hatupi kifaa kibovu kabla hajapata kizima.

Gari la marehemu

Gari la kale huja na karatasi za kale, na hapa familia nyingi huumia. Namba ya chesisi na ya injini zilizo kwenye gari zilingane na zilizoandikwa kwenye logbook. Uhamisho wa umiliki hupitia NTSA, na aliyeandikwa kuwa mwenye gari ndiye anayeuanzisha.

Je, aliyeandikwa akiwa ni marehemu? Kijana wa boma anaweza kuuza Datsun ya baba yake kwa nia njema, akapokea fedha na kutoa funguo. Mwaka mmoja baadaye, gari likiwa limeng'aa, dada zake wanafika kuuliza nani aliuza mali ya baba. Bila hati za mahakama za usimamizi wa mirathi, aliyeuza hakuwa na mamlaka, na aliyenunua ametengeneza gari la watu. Bei ya chini kupita kiasi mara nyingi hutokana na kasoro hii. Mnunuzi akae na familia nzima ya marehemu, anywe chai yao, na asubiri karatasi zikamilike kabla ya kutoa shilingi.

Hatari zinazoingia ndani ya nyumba

Wanaobana matumizi hufanya kazi nyingi wenyewe uani, watoto wakicheza karibu. Magari haya yalitengenezwa wakati ambapo vitu vingi vya hatari vilikuwa vya kawaida.

Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Rangi ikikwanguliwa ikiwa kavu, vumbi hutua kwenye nguo, sakafu na mikono ya mtoto anayetambaa. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na madhara hayo hayarudi nyuma. Rangi ya zamani ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa, mbali na nyumba, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Breki na klachi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Tabia ya kupuliza vumbi la breki kwa mdomo au kwa mashine ya upepo ni ya kuachwa kabisa. Nyuzi za asbesto zikikaa kwenye mapafu zinaweza kuleta saratani baada ya miongo kadhaa, wakati mtu ameshasahau hata rangi ya gari. Vumbi hilo lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, kisha kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kutupwa.

Injini isiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa hata kwa dakika chache. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na dalili zake za mwanzo, kichwa kuuma na kizunguzungu, mtu hudhani ni uchovu.

Petroli isiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akinywa petroli asilazimishwe kutapika, kwa sababu inaweza kuingia kwenye mapafu inapopanda, akimbizwe hospitalini. Na hakuna anayepaswa kulala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Vigingi imara vya chuma vya kuegemeza gari ni vya kununuliwa kabla ya rimu za kung'aa.

Magari mengi ya miaka hiyo hayana mikanda ya viti vya nyuma. Kabla ya watoto kupandishwa kwenda kwa bibi yao, mikanda ifungwe na fundi anayejua kuikaza kwenye chuma kizima.

Wawili wakubaliane

Ugomvi wa magari haya ndani ya nyumba huanzia kwenye siri. Mume husema amenunua kwa Sh60,000, mke anakuja kuona risiti ya Sh160,000. Au kila mwisho wa mwezi kuna "kifaa kidogo tu". Siku karo inapokosekana, gari linageuka shahidi.

"Baba Nanii, hiki chuma kimekula karo ya muhula gani?" Swali kama hilo likishaulizwa mbele ya watoto, hata gari likitengenezwa likapendeza, furaha yake imepungua.

Dawa yake ni daftari moja linalokaa mezani, kila senti ya gari ikiandikwa, na kila mmoja akiwa huru kulifungua. Kuwe pia na kiwango cha mwezi kisichovukwa bila wote wawili kuketi. Na kama mke naye ana lake la moyoni, iwe ni chama, bustani au kozi, bajeti ilitambue. Starehe ya mmoja inayolipwa na wote huchosha haraka. Yapo pia majumba ambamo mke ndiye mwenye mapenzi ya magari na mume ndiye anayelalamika. Kanuni ni ile ile.

Watoto wakishirikishwa, gari hugeuka shule. Kijana wa miaka kumi na miwili anaweza kujifunza kusafisha plagi na kusoma dipstiki, na hesabu za daftari zikamfundisha bei ya subira.

Kwa familia ambayo kwa sasa haina hata Sh10,000 za kutenga, mkusanyo unaweza kuanza mdogo zaidi. Kampuni ya Tomy ya Japani imekuwa ikitengeneza vigari vidogo vya chuma vya Tomica tangu 1970. Vijitabu vya zamani vya matengenezo, matangazo ya magari yaliyokatwa magazetini na picha za Safari za babu navyo ni mkusanyo halali. Rafu moja sebuleni inatosha, na haihitaji bima.

Mwenye gari ambaye tayari lipo juu ya mawe ana kazi moja wikendi hii. Aketi na mwenzake, waandike linahitaji nini na fedha zitatoka wapi. Likionekana haliwezekani ndani ya mwaka mmoja, liuzwe kwa anayeweza kulifufua. Fedha zake zitalipa deni au zitaanzisha safari upya, na kuku watatafutiwa banda lao.