Binti Anayejifunza Kutunza Ngozi na Ayajue Majina Haya

Wazazi wengi siku hizi huwapeleka mabinti zao kujifunza kazi ya kutunza ngozi. Ni kazi yenye riziki ya heshima, lakini ina amana kubwa: mteja humkabidhi fundi mwili wake. Mkono huzoea kupaka kwa siku chache. Linalochelewa ni kuyajua majina ya vile unavyovipaka.

Binti na aanze na ngozi yenyewe. Tabaka la juu huitwa epidemisi, nalo hujifanya upya kwa takriban wiki nne. Kwa hiyo anayeahidi rangi mpya kwa siku tatu yafaa aulizwe anatumia nini. Chini yake imo demisi, yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Melanini ndiyo inayoipa ngozi rangi. Si uchafu wa kusuguliwa, bali ni kinga dhidi ya miale ya jua.

Kisha ajifunze kusoma kopo. Jina la kwanza la kuogopwa ni zebaki, ambayo kwenye orodha ya viambato huweza kuandikwa “mercury” au “calomel”. Hupenya ngozi, hudhuru figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. La pili ni haidrokwinoni, ambayo hupunguza utengenezaji wa melanini. Ikipakwa kiholela kwa muda mrefu, huweza kuleta okronosisi, yaani mabaka ya weusi wa kibuluu yaliyo magumu mno kuondoka. La tatu ni steroidi, mfano “clobetasol” na “betamethasone”. Hizi ni dawa za maradhi ya ngozi, zitolewazo kwa maelekezo ya daktari. Zikigeuzwa mafuta ya kila siku, ngozi hukonda, huchorwa michirizi, na jeraha huchelewa kupona.

Nchini Tanzania, zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Hata hivyo, makopo yasiyo na orodha ya viambato bado huuzwa. Fundi mwenye elimu hayagusi, hata mama wa bibi harusi akimsihi vipi kwamba mwanawe ang'arishwe kabla ya Ijumaa.

Lipo pia neno mzio. Kabla ya kupaka kitu kigeni usoni, apake kidogo mkononi, upande wa ndani, asubiri saa 24. Pakiwasha au kuvimba, aache.

Basi mzazi, kabla ya kulipa ada, muulize mwalimu kama wanafunzi wake husomeshwa viambato. Akijibu kwamba wanajifunza kupaka tu, mtafutie binti yako mwalimu mwingine.