Kukwama Siyo Ujinga

Juzi umeme ulikatika nikiwa sina usingizi. Nikawasha mshumaa, nikachukua karatasi na kuanza kufanya hesabu. Ndiyo, hesabu. Usicheke!

Chukua namba nzima yoyote kuanzia 1. Ikiwa shufwa, igawe kwa 2. Ikiwa witiri, izidishe kwa 3 kisha ongeza 1. Endelea hivyo hivyo. Ukianza na 6 unapata 3, 10, 5, 16, 8, 4, 2, halafu 1.

Nikajaribu 27, nikidhani ni kazi ya dakika mbili. Wapi! Inapanda, inashuka, inapanda tena mpaka 9,232, na inafika 1 baada ya hatua 111. Nilikosea mara mbili, nikaanza upya.

Fumbo hili ni la Mjerumani Lothar Collatz, la mwaka 1937. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba kila namba lazima ifike 1. Maprofesa nao wamekwama!

Hapo ndipo utamu ulipo. Shuleni, kukwama kulimaanisha viboko, nami nikaamini sina akili. Sasa ni mwandishi wa habari, na mhariri anataka jibu kabla ya jioni. Kishawishi cha kuandika kana kwamba najua ni kikubwa. Hesabu inanifundisha kusema "sijui, bado natafuta" bila aibu.

Hata maisha ni hivyo. Ukiniona nimeshuka, usinihukumu haraka. Huenda nipo hatua ya 50 tu.

Wewe je, lini mara ya mwisho ulikwama ukafurahi?