Hatua za mkimbizi si mchezo wa saa

Wandugu wasikilizaji, na ninyi wazazi mnaosoma haya kwenye simu ya kuazima, kambini au kwenye familia zilizowapokea: leo siongei bei ya makala wala hali ya barabara. Leo nagombana na saa.

Sisemi saa ya kuangalia muda. Ninasema hizi saa na bangili za mkononi zinazohesabu hatua, mapigo ya moyo na usingizi, kisha zinapeleka hesabu kwenye programu ya simu. Vijana wa Goma na Bukavu wanazivaa. Kuna za Kichina za bei rahisi zinazopatikana Birere, na kuna zile za bei kali ambazo ndugu wa Ulaya na Kanada wanatuma. Jioni wanaweka namba kwenye WhatsApp: leo 12,000, leo 15,000. Asiyefika anachekwa.

Mimi pia nilivaa. Mtoto wa mjomba wangu anayeishi Kanada alinitumia, na nikaipenda kweli. Halafu ikaja tarehe 27 Mei 2021. Mnaikumbuka. Volkano Nyiragongo ilikuwa imelipuka siku tano kabla, ardhi ilikuwa bado inatikisika, na usiku gavana wa kijeshi akatangaza kwamba kartiye kumi za muji zihame. Sisi tulishika barabara ya Sake kwa miguu, pamoja na umati usiokuwa na mwisho, godoro kichwani, mbuzi kwa kamba. Nilikuwa nimebeba mtoto wa dada yangu mabegani, mikono yote miwili imeshika miguu yake asianguke.

Karibu na Mubambiro saa ikatetemeka. Nikaangalia. Ilikuwa inanipongeza. Fataki za rangi zinaruka kwenye kioo, na maneno kwamba hii ndiyo siku yangu bora tangu nianze kuivaa.

Mama mmoja aliyekuwa anatembea pembeni yangu aliona mwanga ule akauliza, “Baba, ni habari gani, mlima umelipuka tena?” Nilimwambia hapana, mama, ni simu tu. Niliona haya kusema ukweli.

Fataki zile hazikutokana na hitilafu ya mashini. Saa ilifanya kazi yake sawasawa. Programu hizi zimeundwa zijue kitu kimoja: namba imepanda, au namba haijapanda. Ikipanda wanakupa furaha, isipopanda wanakutia hofu. Kwa nini unatembea, hilo halina nafasi kwenye hesabu.

Tuanze na hiyo namba ya 10,000, maana watu wanaishika kama amri ya daktari. Haikutoka kwa daktari. Mwaka 1965, muda mfupi baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Kijapani iitwayo Yamasa iliuza kifaa cha kufunga kiunoni kilichoitwa Manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina zuri la kuuzia bidhaa. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, mwaka 2019, mtafiti I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuata maelfu ya wanawake wazee wa Marekani. Waliofika hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kidogo kuliko waliotembea 2,700, na faida iliacha kuongezeka karibu na 7,500. Lakini washa saa nyingi za leo, utakuta bado zinakudai 10,000. Namba ya mviringo inakumbukwa haraka, na mtu akiikosa anajiona amepungukiwa.

Kisha wanakuja na mfululizo wa siku. Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Usiku wa manane hesabu inarudi sifuri. Ulichofanya jana kimefutika, isipokuwa namba moja: siku 30 mfululizo, siku 90, siku 200. Namba hiyo ikishakuwa kubwa, hutembei tena ili upate kitu, unatembea ili usipoteze. Kahneman na Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza humsukuma mtu kuliko furaha ya kupata kiasi kile kile. Waunda programu wanalijua somo hilo vizuri sana.

Kuna kijana wa avenyu yetu, mtu mwenye akili, alikuwa na zaidi ya siku 200. Malaria ikamshika. Mchana alilala, akitetemeka kwa baridi chini ya blanketi mbili. Saa nne za usiku saa ya mkononi ikamkumbusha kwamba zimebaki hatua 1,400 tu, asikate tamaa. Akatoka. Mnajua Goma saa nne za usiku ni Goma gani. Walimnyang’anya simu, wakamnyang’anya na saa yenyewe, na tumshukuru Mungu kwamba waliishia hapo. Mama yake alinifuata asubuhi akilia: ni dawa gani hiyo inayomtoa mgonjwa kitandani usiku?

Mtasema ni ujinga wa kijana. Basi tazameni upande wa pili. Apple ilianza kuuza saa yake mwaka 2015, na duara tatu za kujaza kila siku: mwendo, mazoezi, na kusimama. Ilichukua hadi mwaka 2024 ndipo wakamruhusu mtu mgonjwa au aliyechoka kusimamisha hesabu bila kuvunja mfululizo wake. Miaka tisa! Miaka tisa mwenye homa, aliyefiwa, aliyevunjika mguu, wote walikuwa wameshindwa kujaza duara. Kampuni yenye wahandisi wengi hivyo haikushindwa kujua kwamba binadamu huugua.

Na mtetemo wenyewe unaokuamsha, kwa taarifa yenu, mara nyingi hufanywa na kizito kidogo cha tungsteni. Hilo ni jiwe la aina ile ile ambayo ndugu zetu wa Kivu Kusini na Maniema wanachimba kwa nyundo na kubeba kwa gunia. Linatoka huku mgongoni, linarudi mkononi kutuambia tuinuke tutembee.

Sasa nirudi barabara ya Sake. Kutoka kwetu hadi kule ni zaidi ya kilomita 25, na mtu mzima kwa umbali huo anapiga hatua zaidi ya 30,000. Saa yangu, pamoja na fataki zake zote, ilihesabu 19,000 na kitu. Baadaye nilielewa kwa nini. Ndani yake kuna kipima mwendo kinachosikiliza mkono unavyoning’inia na kuyumba. Mikono yangu ilikuwa imeshika miguu ya mtoto, haikuyumba, kwa hiyo hatua nyingi hazikuwepo.

Fikirini maana yake. Mama wa Bukavu anayepanda mlima na mzigo mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, mikono imeshika kamba, saa itampunja. Kijana anayesukuma tshukudu yenye magunia ya viazi, mikono imebana usukani, saa itampunja. Anayebeba bidoni mbili za maji ziwani, vile vile. Lakini kaa kwenye kiti utwange sombe vizuri, mkono unapanda unashuka, saa inaweza kukuandikia hatua bila kuinuka! Chombo hiki kinamjua mtu anayetembea mikono mitupu. Wale wanaotembea sana kuliko wote kwetu, hao ndio kinawaona kidogo.

Halafu kuna nishani. Fitbit kwa miaka mingi iliwapa wateja wake nishani za picha, na nyingi za siku zilikuwa na majina ya viatu: ukifika hatua kadhaa unapata kiatu hiki, ukizidisha unapata buti. Za umbali mrefu zilikuwa na majina ya mahali. Serengeti ilikuwa ya maili 500, kama kilomita 800, safari ya nyumbu. Na moja iliitwa Africa, ya maili 5,000. Sina shaka aliyezichora alikuwa na nia njema. Lakini nilipozisoma nilimkumbuka bibi mmoja niliyemhoji Februari 2024, wakati watu wa Sake nao walipokuwa wanakimbilia Goma kwa barabara ile ile, ila wakija upande wetu safari hii. Alikuwa amevaa kandambili moja, mguu wa pili kauzungushia kitambaa. Alikuwa amekimbia Masisi, akakimbia tena, na sasa tena. Tukimhesabia kwa maili, Africa yote ni ya kwake.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hapa hawalijui, na linatugusa moja kwa moja. Kuanzia mwaka 2014 na 2015, UNICEF ya Marekani ilikuwa na mpango ulioitwa Kid Power. Watoto wa shule kule walivalishwa bangili ya kuhesabu hatua. Wakicheza na kukimbia walipata pointi, na pointi zilifungua pakiti za chakula cha tiba kwa watoto wenye utapiamlo katika nchi nyingine. Ni pakiti za namna ile ambayo mama zetu wanaijua, ile ya siagi ya karanga tunayoiita plumpy.

Sina ugomvi na pakiti. Nimeona kwenye vituo vya afya hapa mtoto aliyeshindwa hata kulia akirudi kuwa mtoto kwa sababu yake. Wala sina ugomvi na watoto wa Marekani, waliocheza kwa moyo safi. Swali langu ni kwa wakubwa. Wafadhili walikuwa tayari kulipa. Kwa nini basi chakula cha mtoto anayedhoofika kipitie kwanza kwenye kamba ya kuruka ya mtoto mwingine? Kwa sababu mtoto wa kule alihitaji kitu cha kumfanya asivue bangili. Njaa ya mbali ilifanywa kichocheo, sawa na fataki na nishani. Wakati huo mama aliyekaa chini ya bashi, mkono wa mtoto umefungwa ile tepu ya kupimia na rangi imeonyesha nyekundu, hajui kwamba kwenye kioo fulani yeye ni zawadi ya kufungua.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Kwa watu fulani vyombo hivi vinasaidia, na sitaki mwenye sukari au presha aache kutembea kwa sababu yangu. Mwaka 2022 jarida The Lancet Digital Health lilichapisha mapitio ya tafiti nyingi: wanaovaa waliongeza wastani wa hatua kama 1,800 kwa siku. Si haba kwa anayekaa ofisini au nyuma ya usukani kutwa. Lakini kupunguza mwili ni hadithi nyingine. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh uliochapishwa 2016 uliwafuata watu 471 kwa miaka miwili. Wote walifundishwa kula na kufanya mazoezi, nusu wakapewa kifaa cha kuvaa. Wenye kifaa walipungua kilo 3.5, wasio nacho 5.9. Kwa hiyo wewe unayetaka kuuza mbuzi ununue saa ili upungue, mwache mbuzi.

Ninachokataa ni sisi kuchukua kipimo cha mtu mwenye kiti na kukifanya aibu ya mtu asiye na kiti. Nimesikia kijana akimwambia shangazi yake, mkimbizi wa ndani anayelala sebuleni kwao, kwamba amezidi kukaa, hafikishi hata 3,000. Shangazi ametembea kutoka Kitshanga! Kama miguu yake inataka kukaa mwezi mzima, ikae.

La mwisho ni la usalama, na hapa naomba vijana wasikilize, pamoja na nyinyi wa mashirika mnaokimbia asubuhi kando ya ziwa. Programu hizi zinapenda uonyeshe wenzako ulikopita, kwa sababu mtu anayetazamwa haachi. Novemba 2017 Strava ilichapisha ramani ya dunia yenye mistari ya mwanga ya wanaokimbia. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, akaonyesha hadharani kwamba kambi za kijeshi zilikuwa zinang’aa humo, Syria na Afghanistan, maana askari walikuwa wanafanya mazoezi na saa mkononi. Hakuna aliyewapeleleza. Walijitangaza wenyewe, kila asubuhi, kwa ajili ya pointi.

Kwetu, njia unayopita kila siku, saa unayotoka nyumbani na mlango unaorudia si vitu vya kuweka wazi. Fungua mipangilio ya programu leo. Mahali pa ramani na njia, chagua asione mtu yeyote isipokuwa wewe. Palipo na ruhusa ya kujua ulipo, zima usipokuwa unaitumia. Zima na ukumbusho wa usiku. Wasiojua kufanya, mimi niko studio Jumatano asubuhi kabla ya habari za Kiswahili, njooni na simu zenu tutazifunga pamoja, bila franga hata moja.