Maria Alibaki Miezi Mitatu

Somo: Luka 1:39-56



Kila mwaka tarehe 31 Mei Kanisa huadhimisha sikukuu ya Bikira Maria kumtembelea Elizabeti. Tena kila Jumatatu na Jumamosi, tunaposali matendo ya furaha ya Rozari Takatifu, tendo la pili hutukumbusha safari hiyo, nasi huomba mapendo kwa jirani. Tumeomba hivyo tangu utoto wetu. Mwezi huu tujiulize: je, tunajua tunachoomba?

Elizabeti alikuwa mama mzee mwenye mimba ya kwanza. Sisi wauguzi tungeiona kadi yake ya kliniki tungesema mara moja kwamba huyu ni mama wa kuangaliwa sana. Mumewe Zakaria yumo nyumbani, lakini amekuwa bubu, hawezi hata kumwita jirani. Maria anapata habari kwa malaika, wala hangoji kuitwa. Anatoka Nazareti kwenda nchi ya milima ya Yuda, mwendo wa kilometa zaidi ya 100, naye mwenyewe ni mjamzito.

Wengi wetu tukisoma habari hii tunaishia kwenye salamu, mtoto kuruka tumboni na utenzi wa Maria. Mstari wa 56 tunaupita haraka. Hapo tunaambiwa kuwa Maria alikaa kwa Elizabeti kama miezi mitatu. Malaika alikuwa amesema huo ni mwezi wa sita. Ongeza mitatu. Kila mama anaijua hesabu hiyo.

Mstari huo sisi tuliuelewa kwa machozi. Hapa kwetu Chemba, katika Jimbo la Kondoa, ulikuwa mwezi wa Oktoba, kiangazi kikali, maji yakichotwa kwa kuchimba mchanga wa korongo. Jumamosi moja jumuiya yetu ilisali Rozari nyumbani kwa mama mwenye mimba ya sita. Mumewe alikuwa amekwenda mjini kutafuta kibarua. Tulimkuta ametoka kuchota maji. Uso ulikuwa umevimba, akatuambia kichwa kinamuuma tangu juzi. Tukamwambia, “Pole mama, tutakuombea.” Tukasali, tukaimba, tukaaga. Nasi tuliosomea uuguzi tulikuwemo! Siku hiyo tulikuwa wageni wa sala, masikio ya kazi tuliyaacha nyumbani.

Siku ya tatu alianguka degedege. Ni kifafa cha mimba. Jirani yake Mwislamu ndiye aliyemkuta, akatafuta pikipiki, akampakata njia nzima mpaka kwenye matibabu. Mama alipona. Mtoto hatukumpata.

Tulikwenda kumfariji, kanga na unga mkononi. Bibi mmoja wa jumuiya yetu, asiyejua kusoma, akatuuliza, “Wanangu, siku ile mlipoondoka hapa, nani alibaki?” Hakuna aliyejibu.

Akina mama, hatusemi kwamba sala yetu ilikuwa bure. Tunasema tuliikata katikati. Maria aliimba sifa za Mungu, kisha akabaki. Injili haituelezi alifanya nini miezi ile mitatu, lakini sisi tunaozaa tunajua nyumba yenye mjamzito inahitaji nini: maji, kuni, chungu jikoni na mtu wa kusema naye usiku.

Tangu hapo tumeweka utaratibu mdogo, nanyi mnaweza kuujaribu katika jumuiya zenu au pamoja na WAWATA.

Kwanza, kila mjamzito apewe akina mama wawili wa kumwangalia, awe Mkatoliki au si Mkatoliki. Jirani yetu wa pikipiki hakuuliza dini.

Pili, tukimtembelea tumuulize kabla ya kusali: kichwa kinauma sana? Macho yanaona ukungu? Uso na mikono imevimba? Ametokwa damu au maji? Ana homa? Mtoto anacheza? Dalili moja tu yatosha. Asingoje kesho, apelekwe kwenye zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Tatu, tujue mapema nani atabaki na watoto na mbuzi. Mama wengi wanachelewa kwenda kujifungua kwa sababu hiyo, si kwa ujinga. Tuweke pia akiba ya nauli katika kapu la jumuiya, na tuzungumze na baba wa nyumba angali mapema.

Nne, tumsindikize kliniki. Pale hupimwa presha na mkojo, na ugonjwa ule uliomwangusha mwenzetu huonekana kabla ya degedege.

Jitihada hazipotei. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000 nchini Tanzania. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Tumshukuru Mungu na wote waliofanya kazi. Lakini hao 104 nao wana majina, wana watoto wanaowangoja mlangoni.

Yule mama mwenzetu yupo. Yeye sasa ndiye wa kwanza kuchukua ndoo akisikia kuna mjamzito jirani. Hatukumwagiza.

Zoezi la mwezi huu: kabla ya Jumamosi ijayo, tumtafute mjamzito mmoja karibu nasi. Tuende na Rozari mkono mmoja, ndoo mkono wa pili. Tukimaliza sala, tusiage upesi.

Tuombe: Ee Mama Maria, uliyekwenda kwa haraka na kukaa bila haraka, utufundishe kubaki. Amina.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.