Sauti ya Bibi Alanis na Haki ya Watoto

Ndugu mwandishi, ahsante kwa makala yako juu ya Bibi Alanis Obomsawin, ila naona umelipita upesi mno jambo lililo bora katika kazi yake, nalo ni ile insafu ya kuwaachia watoto wajisemee. Mwabenaki huyu, aliyezaliwa mwaka 1932 na kulelewa Odanak, katika jimbo la Quebec, alizunguka mashuleni akiimba na kuwahadithia wanafunzi tarehe ya jamaa zake, hata mwaka 1967 Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada ikamwita awe mshauri. Na alipojaaliwa kutoa filamu yake ya kwanza, Christmas at Moose Factory, mwaka 1971, aliijenga yote kwa picha zilizochorwa na watoto wa Kicree waliokaa shule ya bweni, na masimulizi akawaachia wao wenyewe. Basi anayestaajabia kwamba mwaka 2019 televisheni ya watoto ya Marekani ilitoa Molly of Denali, ambamo binti wa wenyeji wa Alaska ametiwa sauti na msichana wa wenyeji wa nchi hiyo, na afahamu kwamba njia ilikwisha fyekwa zamani. Kwa rai yangu, fadhila hiyo yastahili aya nzima.