Mtoto wa miaka 3 hajafuzu kwenda busta

Acha niseme hii kitu mapema, wa kukasirika wakasirike ndio tuendelee: mtoto wa miaka 3 hana shughuli kwenye busta. Hata kama ni mrefu. Hata kama anaongea kama mzee wa kijiji. Hata kama ni yeye mwenyewe amekataa kile kiti kingine kwa sababu binamu yake wa miaka 7 anakalia busta, na hataki kuonekana mtoi.

Huu mtindo nimeuona ukishika kasi. Mtoto akianza shule tu, kile kiti chenye mikanda kinauzwa kwa grupu ya wamama, busta inanunuliwa, picha inapigwa. "Kijana wetu amekuwa mkubwa!" Pongezi zinamiminika. Ni kama mahafali, imebaki tu kofia na joho.

Busta si cheti, wazazi wenzangu. Ni kifaa kilichotengenezewa mwili fulani, na huo mwili mtoto wa miaka 3 bado hana.

Tuelewane kwanza tunaongea kuhusu nini, maana watu wengi wanadhani hivi viti viwili ni kitu kimoja, tofauti ni bei. Kiti chenye mikanda kina mikanda yake chenyewe: miwili ya mabega, miwili ya nyonga, mmoja wa katikati ya miguu. Kiti kinafungwa kwa gari, mtoto anafungwa kwa kiti. Gari ikigonga, nguvu inagawanywa mabegani na kwenye nyonga, na ule mkanda wa katikati unamzuia asiteleze chini.

Busta haimshiki mtoto. Kazi yake ni moja: kumwinua, ili mkanda wa gari, ambao ulipimiwa mtu mzima, upite mahali sawa. Sehemu ya chini ilale juu ya mapaja na nyonga, sehemu ya juu ipite katikati ya bega na kifua. Kinachomshika ni mkanda wa gari. Na anayehakikisha huo mkanda unabaki mahali pake ni nani? Ni mtoto. Kwa kukaa wima. Safari nzima.

Sasa nikuulize. Umewahi kuona mtoto wa miaka 3 akikaa wima kutoka Nairobi hadi Kakamega? Kufika Limuru ameshauliza mara kumi kama tumefika. Naivasha ameangusha biskuti na anaifuata chini. Gilgil amelala, kichwa kimeangukia mlango, mkanda wa begani umeingia kwapani au umepanda shingoni. Na mkifika Salgaa na Sachangwan, ile sehemu sisi wote tunaijua kwa majina ya ajali, hapo ndipo usingizi umemkolea. Yaani pale barabara inapotisha zaidi ndipo busta imeacha kufanya kazi.

Halafu kuna mambo ya mwili. Mtu mzima ana mifupa ya nyonga iliyojitokeza, mkanda unapata mahali pa kushika. Ya mtoto mdogo bado haijakomaa hivyo. Akiteleza kidogo, mkanda unapanda tumboni. Na tumboni hakuna mfupa wa kuzuia kitu. Kuna ini, kuna wengu, kuna utumbo, na nyuma yake uti wa mgongo. Mkanda uliokusudiwa kumwokoa unageuka kuwa ndio unaomkata.

Kama unadhani natia chumvi, hesabu ni ya fizikia ya sekondari. Gari inayoenda kilomita 50 kwa saa ikisimama ghafla kwa kugonga, ni sawa na kuanguka kutoka mita 10 hivi, yaani ghorofa ya tatu. Na hiyo 50 ni mwendo wa kuzunguka mtaani. Ukifika 100 pale Thika Road, nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ndio maana ile "mimi nitamshika kwa mapaja" nikiisikia nanyamaza tu. Mtoto wa kilo 12, gari ikigonga, anaweza kuwa mzito mikononi mwako kwa muda mfupi kama kilo 240 au zaidi. Wewe mtungi wa maji wa lita 20 tu unaita mtu akusaidie.

Wenye kusomea mambo haya hawabishani sana. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema waziwazi mwaka 2018: mtoto aangalie nyuma kadiri kiti chake kinavyoruhusu, akizidi hapo, aangalie mbele akiwa na mikanda yake kadiri kiti kinavyoruhusu, akizidi hapo ndio aende busta, hadi mkanda wa gari umkae vizuri, kwa kawaida akifika kama sentimita 145, kati ya miaka 8 na 12. Ona hiyo "kadiri". Hakuna mahali pameandikwa "akianza shule". Viti vingi vya mikanda vinambeba mtoto hadi kilo 18, na vingine hadi kilo 29. Ulaya nao, tangu 2017, busta mpya isiyo na mgongo haiidhinishwi kwa mtoto aliye chini ya sentimita 125 na kilo 22. Mpime wako leo jioni, uniambie kama amefika hata karibu.

Sasa tuje kwa visingizio, maana navijua vyote.

"Sisi tulibebwa nyuma ya pickup na tuko hai." Wewe uko hai. Wale ambao hawakufika hawana simu ya kukujibu. Mwaka 2024 barabara zetu ziliua watu zaidi ya 4,700 kwa hesabu za NTSA wenyewe. Na duniani kote, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo zinaongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kupona kwako si ushahidi, ni bahati.

"Ajali haina kinga." Hii ndiyo inaniudhi kabisa. Tunaitumia kwa kila kitu, hadi kwa mambo ambayo kinga iko dukani. Ajali inaweza kukosa kinga, mtoto hakosi. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinasema kiti cha mtoto kinapunguza hatari ya kuumia kwa asilimia 71 hadi 82 ukilinganisha na mkanda wa gari peke yake. Kama hiyo si kinga, tuiite nini?

"Mtoto analia akifungwa." Analia pia akichomwa sindano ya chanjo, na bado unampeleka kliniki. Analia ukimnyang'anya kisu. Hapa mzazi ni nani?

"Tuko na watoto watatu nyuma, viti havitoshi." Hii ni kweli, na siidharau. Demio na Vitz hazikujengwa kwa viti vitatu vya watoto. Lakini jibu si kumtoa mdogo kwa mikanda ili mkubwa apate nafasi. Mdogo abaki kwa mikanda, aliyezidi miaka 6 na mwenye kilo za kutosha ndiye aende busta. Na tafadhali angalia kiti cha katikati: magari mengi ya zamani hapo yana mkanda wa kiunoni tu. Busta haikai hapo kamwe. Bila mkanda wa begani, busta ni mto wa kukalia.

"Bei." Haya. Kiti cha maana kinaweza kumeza kodi ya nyumba ya mwezi, najua. Ndio maana wengi wanakimbilia kile kibusta cha plastiki kisicho na mgongo. Lakini kuna viti vinavyoanza na mikanda na baadaye mikanda inatolewa, kinakuwa busta. Ukinunua hicho kimoja umemaliza miaka mingi. Shida ni kwamba tukifika nyumbani tunatoa mikanda siku ya pili. Kuna muuzaji mmoja alinishauri kwa kujiamini kabisa: "Madam, hii mikanda toa tu, ni ya watoto wadogo." Mtoto tuliyekuwa tunamnunulia alikuwa na kilo 14! Kama si yeye mtoto mdogo, ni nani sasa?

Kuhusu mitumba: mitumba ya nguo sawa, mimi mwenyewe navaa. Kiti cha mtoto cha mitumba ni kama kofia ya boda ambayo hujui ilianguka mara ngapi. Kama hujui kilitoka kwa nani, hakina lebo, tarehe yake ya mwisho imepita, au mkanda mmoja umeshonwa na fundi wa viatu, kiache hapo hapo. Cha dada yako, ambacho unajua hakijawahi kupata ajali na vipande vyote vipo, hicho chukua na umshukuru.

Niseme pia haki ya upande wa pili. Busta si adui yangu. Kwa mtoto wa miaka 4 hadi 8, CDC hiyohiyo inasema busta inapunguza hatari ya majeraha mabaya kwa asilimia 45 ukilinganisha na mkanda peke yake. Kwa hivyo kama chaguo lako leo ni busta au hakuna kitu, weka busta, tena yenye mgongo. Na kiti cha mikanda kilichofungwa ovyo hakina cha kujivunia. Kishike pale mkanda wa gari unapopita, ukitikise: kikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu, bado hujafunga. Jaribu kufinya mkanda wa begani kwa vidole viwili: ukipata cha kufinya, umelegea. Na watu wa Limuru na Kinangop, ile jaketi nene vueni kwanza. Mfunge mtoto, halafu mfunike nayo. Jaketi inadanganya mkono, unadhani mkanda umekaza kumbe umekaza hewa.

Basi atoke lini? Mabega yakipita mashimo ya juu kabisa ya mikanda. Au uzito au urefu wake ukifika ule ulioandikwa kwenye lebo ya kiti. Halafu jiulize la mwisho: anaweza kukaa wima, mkanda ukiwa mahali pake, hata akiboeka, hata akilala? Kama jibu ni "inategemea", bado. Bethdei haiko kwa hiyo orodha.

Najua kuna mtu anasema: "Wewe unaongea mambo ya wenye magari. Watoto wengi Kenya wanapanda matatu na boda." Ni kweli, na hilo linafaa kutuuma sote. Sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa 2004 zilileta mikanda kwa matatu, lakini mkanda wa mtu mzima. Vani za shule zinabeba watoto watatu kwa siti ya wawili, tunazipungia mkono asubuhi na kurudi kunywa chai. Hilo ni la kupigania, na nitalipigania. Lakini kukosa kiti kwa matatu si sababu ya kukitupa kwa gari yako. Aliye na mwavuli hauachi nyumbani eti kwa sababu majirani wananyeshewa.

Na serikali nayo isijifiche. Sheria ya Trafiki inatulazimisha kufunga mikanda, sawa. Lakini mimi nimesimamishwa na askari mara nyingi, nikaulizwa leseni, insurance, hadi kizima moto. Sijaulizwa hata siku moja kuhusu mtoto aliyesimama katikati ya viti akinichungulia. Afrika Kusini mtoto wa chini ya miaka 3 lazima awe kwa kiti tangu 2015. Japani ni lazima hadi afikishe miaka 6, tangu Aprili 2000. Japani! Kule kule tunakotoa hizi gari. Gari tulileta, redio inayoongea Kijapani tukaileta, sheria ya kulinda mtoto tukaiacha bandarini.

La mwisho ni la watengenezaji maudhui wenzangu. Ukilipwa kutangaza busta, usimkalishe mtoto wa miaka 2 juu yake ndio picha itoke poa. Kuna mama Eldoret atakuamini wewe kuliko lebo. Hizo pesa zitaisha wiki ijayo, na yeye atakuwa barabarani na mtoto wake kwa miaka.

Kwa hivyo kabla ya safari ya ushago, fanya kitu kimoja. Toka nje uende kwa gari, usome lebo ya kile kiti. Mpime mtoto. Kama bado anatoshea kwa mikanda, mrudishe, alie, anyamaze. Huyo binamu wa miaka 7 atamtangulia kwa busta kwa miaka michache, na hakuna kitu atapungukiwa.