Kamba Iliyokatwa

Juma hili naiacha bustani ya mboga, kwani kitabu nilichoazimwa kimezusha ubishi nyumbani kwangu, nami nilishindwa.

Kitabu hicho, Touching the Void, kilitolewa mwaka 1988. Mtungaji wake, Joe Simpson wa Uingereza, aeleza jinsi yeye na mwenziwe Simon Yates walivyoukwea mlima Siula Grande, nchini Peru, mwaka 1985. Kimo chake ni mita 6,344. Wapita Kilimanjaro kwa mita zaidi ya 400. Kileleni walifika salama. Katika kushuka, Simpson alianguka akavunjika mguu vibaya gotini.

Yates aliunga kamba mbili, kila moja futi 150, akawa akimteremsha mgonjwa hatua kwa hatua, naye mwenyewe ameketi katika shimo alilochimba thelujini. Fundo lilipofika kwenye chuma cha kupitishia kamba, Simpson husimama kwa mguu mzima ili kamba ilegee, fundo livushwe. Saa nyingi walifanya hivyo, gizani na katika tufani. Mara Simpson akapita ukingo wa genge, akaning'inia hewani. Hakuwa na pa kukanyaga, fundo likakwama. Kelele zao hazikusikika. Yates alishikilia zaidi ya saa nzima, na kile kiti cha theluji kikibomoka chini yake. Akatoa kisu, akakata.

Hapo nilikifunga kitabu kwa hasira. Nilimwambia mke wangu kwamba mtu wa namna hiyo hafai kuitwa rafiki.

"Baba Amani," akasema, akiendelea kuchambua mchele, "angelitaka kumwacha, si angelimwacha kulekule juu alikovunjikia mguu? Nani angelijua?"

Sikuwa na jibu. Nami ndiye niliyesomea ualimu! Baadaye nikakuta kwamba Simpson mwenyewe humtetea mwenziwe, na kwamba aliandika kitabu hasa kwa ajili ya watu waliomlaumu kama nilivyomlaumu mimi.

Basi nikamsomea yaliyobaki. Simpson alitumbukia katika ufa mkubwa wa barafu, akanasa juu ya kijukwaa cha theluji. Aliivuta kamba, akidhani ncha ya pili imefungwa kwenye maiti ya Yates. Ikaja nyepesi, imekatwa. Kwa kuwa hakuweza kupanda, alijishusha chini zaidi, akaona mwanga, akatokea. Kisha akatambaa siku tatu bila chakula, akijipimia kwa saa ya mkononi: jiwe lile nilifikie kwa dakika ishirini.

Kambini, Yates na mwenzao wa tatu walikuwa wamekwisha kuzichoma nguo zake, wakijua amekufa, na walikusudia kuondoka asubuhi. Usiku huo wakasikia sauti ikiita.

Mama Amani alinyamaza kitambo, kisha akauliza:

"Na nguo wamezichoma! Sasa huyo maskini alivaa nini?"